Soksi za Dada Mwanatatu

Mtongwe, Likoni
12 Machi 1962

Kwa ndugu yangu Nguma,

Assalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa mzima, na binti yangu Mwanasaumu ni mzima, akusalimu sana mjomba wake. Idd tumeila salama. Nilimchinja yule jogoo mwekundu aliyekuwa akiwakimbiza watoto wa watu, na mtaa mzima umenishukuru. Huku mazungumzo ni ya Mwambao tu, kama tutakuwa wa Sultani ama wa Nairobi. Makuli wanaokuja kula mahamri yangu alfajiri, kabla hawajavuka kwenda bandarini Kilindini, hubishana mpaka mbaazi zikapoa. Nawaambia, atawale atakaye, nyinyi kuleni, jiko laningoja.

Habari kubwa ni ya Mwanasaumu. Ameposwa na Mbwana, yule seremala wa Likoni, kijana mpole asiyeinua macho mbele ya wakubwa. Nimeridhia, ila nimewaambia wangoje kidogo.

Wewe nakuombea kila sala. Siku hizi nasali nikiwa nimeketi kwenye kiti, basi hata dua huwa ndefu.

Watu waniuliza kila siku, injinia wetu arudi lini? Nawajibu, akimaliza masomo. Hebu niambie, hiyo mashine unayojifunza ni ya meli au ya garimoshi? Nipate la kuwajibu.

Ni mimi dada yako,
Mwanatatu


Lesta, Uingereza
9 Aprili 1962

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nami sijambo, isipokuwa baridi ya huku haina adabu. Mwezi wa nne huu na bado nalala na soksi mbili. Mwanasaumu mpe pongezi zangu. Namkumbuka akiwa hana meno ya mbele, leo aolewa!

Lakini dada, nimeisoma barua yako mara mbili na mambo mawili yamenikwama. La kwanza, wangoje nini? Mume yupo, mke yupo, nawe umeridhia. La pili, tangu lini wewe wasali kwenye kiti? Una miaka arubaini na mbili. Ni wewe uliyekuwa ukisimama tarawehi rakaa zote ishirini, mimi nikisinzia unanifinya. Niambie kweli.

Ama mashine, ni kubwa, ni ya chuma, na yapiga kelele sana. Mengine nitakueleza siku nyingine, taa yangu yakaribia kuzimika.

Nduguyo,
Nguma


Mtongwe
20 Mei 1962

Ndugu yangu Nguma,

Salamu nyingi. Barua yako ilikaa posta wiki mbili kwa sababu karani mpya hajui kuwa kuna Mwanatatu mmoja tu hapa mwenye ndugu Ulaya. Sote ni wazima. Mvua za masika ni nyingi, na bata wa jirani wamehamia uani kwangu.

Kiti ni kiti tu. Mtu aliyesimama mbele ya karai tangu alfajiri ana haki ya kukaa. Na arusi si ya kukimbilia. Wewe shughulika na masomo yako, upate cheti chako, usije ukayaacha mambo ya maana kwa ajili ya maneno ya kiti. Nimemaliza.

Nawe hukunijibu: meli au garimoshi?

Dada yako,
Mwanatatu

*Mjomba, shikamoo. Ni mimi Mwanasaumu. Mama amenituma posta na barua hii nami naandika haya nyuma ya karatasi bila ya yeye kujua. Mishipa ya miguu yake imetutumka na kujipinda kama mizizi. Ikifika magharibi miguu imefura, hata ndara hazimwingii. Juu ya kifundo cha mguu wa kushoto ngozi imekuwa nyeusi, na pana kidonda cha ukubwa wa shilingi; miezi minne sasa hakijafunga. Bwana Badawi, dresa wa zahanati, alimwambia asisimame sana, mama akacheka. Akamwambia basi atafute soksi za mpira za Ulaya, zile za kubana miguu, mama akacheka tena. Arusi yangu aichelewesha kwa kuwa ataka kupika pilau mwenyewe, na kusimama hawezi. Hayo hayasemi. Mjomba, mtu anayemsikia ni wewe.*


Lesta
24 Juni 1962

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, na leo nina furaha ambayo sina mtu wa kumwambia. Usimgombeze Mwanasaumu. Ndiyo, ameniandikia. Nilipomaliza kusoma maneno yake nilisikitika, halafu nikafika kwenye zile soksi za mpira, nikaruka chumbani hata mwenye nyumba akagonga dari kwa ufagio kutoka chini. Kwa nini niliruka, usiniulize. Fanya haya tu.

Kwanza, nenda kwa Bwana Badawi. Mwombe aguse juu ya unyayo wako asikilize mpigo wa damu, miguu yote miwili. Nimemwuliza muuguzi mmoja hapa, naye amesema kama damu haishuki vizuri miguuni, kubana ni hatari. Kama yashuka vizuri, kubana ni dawa. Mishipa yako imechoka kuipandisha damu, basi soksi huikamata miguu na kusaidia kuisukuma hiyo damu juu. Pili, kidonda kifungwe bendeji ya kukaza, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, mpaka kipone. Nawe ulale mchana kidogo, miguu juu ya mito.

Tatu, nataka vipimo. Pima asubuhi kabla hujaiteremsha miguu kitandani, maana mguu wa jioni ni mwongo. Tumia uzi usiovutika. Uzi wenye fundo moja ni wa pale pembamba juu ya kifundo, wenye mawili ni wa shavu la mguu pale panene, wenye matatu ni wa chini ya goti, na wenye manne ni urefu toka unyayo hadi chini ya goti. Kila mguu na nyuzi zake. Za mguu wa kushoto zichovye wino. Zitie katika bahasha unipelekee.

Nduguyo anayekuamrisha kwa mara ya kwanza maishani mwake,
Nguma


Mtongwe
18 Agosti 1962

Kwa Nguma, mwamrishaji,

Waaleikum salaam, na shikamoo yako nimeiitikia, ingawa hukustahiki. Sote hatujambo. Jirani amewachukua bata wake.

Kwa hivyo nimefichuliwa na mtoto niliyemzaa mwenyewe! Nilimwambia, "Umeniaibisha." Akanijibu, "Nimekuaibisha kwa mjomba, si kwa mtu."

Haya, nasema mimi sasa. Ni kweli. Ilianza nilipokuwa na mimba yake na sikuijali. Mwaka jana ikazidi. Sikukwambia kwa sababu nakujua, ungeacha masomo ukapanda meli ukarudi.

Bwana Badawi aligusa miguu yangu akasema mpigo wagonga kama ngoma ya msondo. Kila Jumatatu anifunga bendeji, na kidonda kimeanza kuziba, alhamdulillahi, kimebaki kama punje ya mbaazi. Mchana nalala miguu juu ya mito mitatu kama mende aliyepinduka. Mwanasaumu ndiye auzaye mahamri, na makuli wamesema yake ni madogo.

Nyuzi ni hizo nane. Nimewahi kupimwa nguo za arusi, sijapata kupimwa miguu kwa mafundo. Na sasa ni zamu yangu kuuliza. Mwanamume aijua wapi tofauti ya mguu wa mwanamke wa asubuhi na wa jioni? Nani kakufunza? Kama umeoa huko sema, sitakugombeza. Nitakugombeza kidogo tu.

Dada yako,
Mwanatatu


Lesta
7 Oktoba 1962

Dada yangu,

Shikamoo. Sijaoa, wallahi. Niko mzima, na nyuzi zako zilifika bila fundo hata moja kufunguka.

Kifurushi nimekituma kwa meli, kitachelewa. Ndani mna jozi mbili, moja ya kuvaa na moja ya kufua. Zivae asubuhi kabla hujasimama. Pindua soksi nje ndani mpaka kisiginoni, ingiza unyayo, kisigino kikae mahali pake, kisha ipandishe kidogo kidogo. Isiwe na mkunjo hata mmoja, na ukingo wa juu usiukunje, maana utabana kama kamba. Ikikataa, paka poda. Usiku vua. Fua kwa mkono, anika kivulini, usianike juu ya jiko, nakujua.

Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, vua mara moja uende kwa Bwana Badawi.

Usiniulize nimezipata wapi. Zimepatikana.

Nduguyo,
Nguma


Mtongwe
15 Desemba 1962

Ndugu yangu Nguma,

Salamu kutoka kwa mtu aliyesimama. Ndiyo, nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya kabati, kwa kukuonyesha tu.

Kidonda kilifunga mwezi wa kumi. Kifurushi kilikuja wiki tatu zilizopita. Nilipozitoa nilisema, hizi ni za mtoto, Nguma amekosea. Mwanasaumu akasema, "Mama, ndizo zilivyo, zavutika." Asubuhi ya kwanza nilivuta mimi, zikakataa. Akavuta yeye, zikafika kisiginoni zikagoma. Tukapaka poda, nikajilaza kitandani, yeye akakanyaga ukuta kwa mguu mmoja, akavuta. Soksi ikaingia kwa mpigo mmoja, yeye akaenda chini na kopo la poda. Chumba kizima kikawa cheupe. Nguma, tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Tukamweleza, naye akaketi chini akacheka.

Sasa navaa peke yangu, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Jambo lililonisumbua ni udhu. Miguu yapaswa kuoshwa, na hizi si za kuvua na kuvaa ovyo. Nilikwenda kwa Mwalimu Mwinyihaji wa madrasa, nikamweleza nyuma ya pazia. Akafikiri, akasema, "Bibi, dini haikukukataza kuvaa soksi, wala soksi hazikukukataza kutawadha. Vua, osha, vaa. Thawabu ziko katika taabu." Basi nimejipangia: baada ya sala ya alfajiri najilaza kidogo miguu juu ndipo nivae, adhuhuri navua, naosha, nasali, najilaza tena, navaa. Kisha narudi karaini, na Mwanasaumu asema nawapenda makuli wangu zaidi kuliko mito.

Nasali nimesimama, Nguma. Jioni kifundo changu chaonekana. Nilikuwa nimesahau kuwa ninacho.

Na sasa nisikilize vizuri. Jana nilizifua na kuzianika kivulini kama ulivyoniamuru, nikawa natazama ule mshono wa nyuma. Pale unapoishia, uzi umerudishwa mara mbili chini kisha ukafichwa ndani. Huo ni mkono niliokufundisha mimi, ulipokuwa na miaka tisa, tukishona kofia za kuuza. Mwalimu wangu wa kofia alinifundisha mimi, nami nikakufundisha wewe, na sijauona kwa mtu mwingine. Mzungu kaujulia wapi?

Sikuulizi tena meli au garimoshi. Nauliza hili: ni wewe uliyezishona?

Dada yako,
Mwanatatu


Lesta
27 Januari 1963

Dada yangu,

Shikamoo. Theluji iliyoanguka baada ya Krismasi bado iko, imefika dirishani. Maziwa yaganda mlangoni. Lakini jasho lanitoka kwa barua hii.

Ndiyo. Ni mimi.

Waniambia ulinificha miguu yako nisije nikaacha masomo. Dada, sikuwa na masomo ya kuacha. Mtihani wa kuingia chuo nilianguka mara mbili, Kiingereza cha hesabu kilinishinda. Nikaona haya kukwambia, kwa maana kila barua ilinijia na salamu za watu kwa injinia. Nikatafuta kazi. Nikapata kufagia katika kiwanda cha soksi. Siku moja mwanamke mzee, jina lake Bi Doris, alikuwa akihangaika na mshono uliofumuka, nikamwomba sindano. Aliutazama ule mshono wangu, kisha akamwita meneja. Tangu siku hiyo nakaa meza moja na Bi Doris. Twashona soksi za mpira za wagonjwa, kila moja kwa vipimo vya mwenyewe. Ni wanawake ishirini na sita na mimi. Mwanzo walinicheka, sasa huniletea keki.

Miaka mitatu nimeshona miguu ya watu nisiowajua, nambari tu kwenye karatasi. Siku nilipozipanga nyuzi zako mezani, Bi Doris aliniuliza ni za nani. Nikamwambia, "Za aliyenilea." Akazima redio ili nisikosee.

Umewaambia watu wote kuwa nduguyo ni injinia. Kumbe nduguyo hushona soksi za wanawake. Nisamehe. Ukitaka kuendelea kuwaambia lile la kwanza, sitakulaumu.

Nguma


Mtongwe
8 Aprili 1963

Nguma wangu,

Nimechelewa kukujibu, na najua umeteseka. Ulistahiki kuteseka kidogo. Sababu ya kuchelewa ni arusi. Mwanasaumu ameolewa, tarehe ishirini na tisa mwezi uliopita, siku ya Ijumaa!

Nilipika mwenyewe. Masufuria manne ya pilau, tangu alfajiri hadi alasiri, na soksi zako miguuni. Kila saa nilitembea kwenda kisimani na kurudi, kama alivyonishauri Bwana Badawi, nisisimame kama mlingoti. Mbwana alilia alipoona mke wake amepambwa, mashemeji wakamcheka.

Sasa sikiliza yaliyotokea uani kwa wanawake. Nyimbo zilipopoa, Bi Dhahabu, yule mwenye ulimi, akapaza sauti: "Mwanatatu, injinia wako hakuja kwenye arusi ya mpwa wake? Au masomo hayaishi?"

Barua yako nilikuwa nayo kifuani, nimeisoma hata imechoka. Ningeweza kusema mengi. Nilisimama nikasema, "Ndugu yangu si injinia. Ni mshonaji wa soksi."

"Wa nini?"

"Wa soksi. Za wanawake." Nikapandisha gauni mpaka magotini, mbele yao wote. "Hizi. Nyinyi nyote mliniona mwaka jana nikijikokota. Leo nimewapikia pilau mkashiba, na mimi bado nimesimama. Injinia angenifanyia nini miguu yangu?"

Nguma, nilidhani watacheka. Bi Dhahabu aliinuka kitini, akaja mpaka karibu, akainama akaushika mguu wangu kama anayechagua kitambaa dukani. Kisha akaninong'oneza, "Na yangu je? Yaniwaka moto kila usiku." Akainua ukingo wa gauni lake kidogo. Miguu yake ni mibaya kuliko yangu ilivyokuwa. Basi mwingine naye akaonyesha, na mwingine. Kumbe nusu ya wanawake wa Mtongwe walikuwa wakificha jambo moja. Bibi arusi aliachwa peke yake kwenye kiti chake, anacheka.

Bwana Badawi amewapima mpigo wote. Wawili amewakataza, damu yao haishuki vizuri, amewaandikia waende hospitali kubwa. Tisa wamefaa. Nyuzi zao ni hizi, na majina. Bi Dhahabu ataka za rangi ya maji ya kunde. Nimemwambia asijifanye bibi arusi.

Nakusamehe nini mimi? Nilikufundisha kushona ukiwa na miaka tisa. Umeshona. Ningekasirika kama ungesahau.

Dada yako,
Mwanatatu


Lesta
1 Septemba 1963

Dada yangu,

Shikamoo, na salamu kwa Mwanasaumu na mumewe. Soksi za wanawake tisa zimeshakwenda, za Bi Dhahabu ni rangi ya maji ya kunde.

Barua yako nilimfasiria Bi Doris, neno kwa neno, mpaka pale ulipopandisha gauni. Alicheka akalia, akawahadithia wenzake wote kiwandani. Kesho yake meneja akaniita. Aliniuliza kama huko kwetu yuko mtu wa kushona soksi hizi. Nikasema hayuko. Akasema, "Basi wewe wafanya nini hapa?" Si kwa ubaya. Ana mashine mbili za zamani ambazo kiwanda hakizitumii, na nyuzi za mpira atanipelekea. Nilimweleza Bwana Badawi kwa barua, naye amenijibu kuwa pana chumba nyuma ya zahanati.

Meli yaondoka London katikati ya Novemba. Itapita Aden. Inshallah nitakuwa Mombasa siku chache kabla ya Uhuru.

Naacha hapa, nikazifunge mashine.

Nguma


Mtongwe
10 Novemba 1963

Kwa Nguma, melini. Ikufikie Aden, inshallah,

Ndugu yangu, huku wapaka chokaa kila ukuta kwa ajili ya Uhuru, hata minazi imepakwa. Mbwana ametengeneza meza mbili za kuwekea mashine zako na rafu ya nyuzi. Mwanasaumu ana mimba ya miezi mitano. Nimeshampima miguu, asubuhi, kabla hajashuka kitandani, na Bwana Badawi amesema vyema, tusingoje. Bi Dhahabu ajitapa kuwa ndiye aliyegundua soksi, nami nimemwacha.

Siku utakayoshuka nitakuwa Kilindini, mlangoni mwa bandari. Mwanasaumu ataka tukodi gari tupitie kivuko cha Likoni, na wewe na masanduku yako. Nimekataa. Masanduku yatapanda gari. Sisi wawili tutavuka kwa mashua, tupande kilima cha Mtongwe kwa miguu, polepole, nawe unieleze yote uliyoyaruka katika barua za miaka sita. Na mimi nina yangu.

Tukifika mlangoni kabla hatujamaliza, tutapita tuzunguke kwa njia ya mbali.

Dada yako,
Mwanatatu